500 mchana, 508 usiku: nianze kugusa wapi?

"Naendesha duka la vitenge na nguo za kushona hapa Morogoro. Tovuti naitunza mwenyewe, ni WordPress yenye WooCommerce, ile plagini ya duka, ipo kwenye upangishaji wa pamoja, yaani seva moja ya kampuni inayobeba tovuti za watu wengi, ninaoulipia kila mwaka. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, mteja akichagua nguo na kubonyeza kulipia anapata ukurasa mweupe ulioandikwa 'Internal Server Error', 500. Kurasa nyingine zinafunguka. Halafu usiku, kuanzia kama saa mbili, tovuti nzima inagoma na kuandika 508, 'Resource Limit Is Reached'. Baada ya nusu saa inarudi yenyewe. Sijagusa kitu. Kampuni wanasema seva yao ni nzima. Kijana mmoja kaniambia nibadilishe ruhusa za mafaili yote ziwe 777, mwingine anasema nimedukuliwa, wa tatu anataka nihamie seva ya peke yangu kwa bei mara nne ya ninayolipa sasa. Kache ya simu nimeifuta mpaka nimechoka. Barua pepe za kampuni ni nyingi, kusema kweli huwa sizisomi. Naogopa kugusa kitu nikapoteza oda za watu. Kaka, nianzie wapi?"

Dada, pole. Kabla hujafungua paneli yoyote, kuna kazi moja ya kufanya leo hii, na haihitaji ufundi. Chukua taarifa ya malipo ya simu inayoonyesha fedha zilizoingia tangu Jumatatu hiyo, uiweke sambamba na orodha ya oda zako. Ukurasa unapoanguka kwenye hatua ya kulipa, inawezekana kabisa pesa ilishatoka kwa mteja na oda yake imebaki ikisubiri malipo. Mtu huyo hana habari na 500 wala 508. Anajua ametuma pesa na kitenge hajakiona. Mpigie wewe kabla hajakupigia. Kisha weka tangazo fupi kwenye ukurasa wa mwanzo kwamba kwa sasa oda zinapokelewa kwa WhatsApp, na kitufe cha kulipia ukizime. Hapo utapata nafasi ya kutafuta ugonjwa bila moyo kwenda mbio.

Sasa ugonjwa. Umeuandika kama mmoja unaobadilisha sura mchana na usiku, lakini mimi nasoma magonjwa mawili ambayo yamegongana wiki moja. Hilo la 500 liko mahali pamoja tu, kwenye kulipia, saa zote. Hilo la 508 liko kila mahali, ila kwa saa zake. Kosa linalofuata ukurasa mmoja mara nyingi ni msimbo uliovunjika. Kosa linalofuata saa mara nyingi ni msongamano. Kwa hiyo dawa zake ni mbili, na usitegemee kwamba moja ikipona na nyingine itapona.

Kampuni nayo haijakudanganya. Wanaposema seva ni nzima wana maana mashine inawaka na wateja wao wengine wanaendelea na kazi. Ni kama mwenye nyumba anayekujibu kwamba umeme upo, na wewe umekaa gizani chumbani kwako. Anasema kweli, ila hajakusaidia.

Tuanze na namba zenyewe. Kosa linaloanza na 4, kama 404 tuliyoizoea, seva inamwambia mgeni kwamba tatizo liko kwenye alichoomba: anwani haipo, au hana ruhusa. Linaloanza na 5 maana yake ombi limefika na limepokelewa, ila upande wa seva umeshindwa kulitimiza. Ndiyo sababu kufuta kache ya simu hakujakusaidia. Simu haina hatia. Na katika hizo za 5, 500 ndiyo bubu kuliko zote: hutolewa pale kitu kinapovunjika na seva haina namba mahususi ya kukitaja. Undani wake unafichwa makusudi, maana kumwonyesha kila mpita njia jina la faili lililovunjika ni kumwelekeza mwizi dirisha bovu. Lakini haujapotea. Umeandikwa kwenye faili la makosa, na wewe mwenye akaunti una haki ya kulisoma.

Hapo ndipo pa kuanzia, na ningeomba usimsikilize mshauri yeyote, mimi nikiwemo, mpaka uwe umeusoma mstari huo. Ushauri wote uliopewa ni wa kubahatisha kwa sababu hakuna aliyeusoma.

Kuhusu kupoteza oda, elewa jinsi duka lako lilivyojengwa. WordPress ina sehemu mbili. Kuna mafaili: plagini (vile vipande vya nyongeza vinavyoipa tovuti kazi mpya), sura ya tovuti, picha za nguo. Na kuna hifadhidata, ambamo mnakaa oda, majina ya wateja, bei na maandishi yote. Ukibadilisha jina la folda ya plagini, oda haiguswi hata moja. Kinachofuta oda ni kitu kingine ambacho watu hukiona ni msaada: kurudisha bekapu ya zamani. Ukiwalalamikia sana kampuni, mtu wa huduma kwa wateja anaweza kujitolea akurudishie tovuti ilivyokuwa wiki iliyopita. Kwa tovuti ya shairi na hadithi, sawa. Kwa duka, hifadhidata ikirudi wiki moja nyuma, kila oda iliyoingia baada ya siku ile inatoweka. Wakikuuliza, jibu hapana. Au mafaili peke yake, hifadhidata wasiiguse.

Bekapu yako mwenyewe ichukue sasa hivi. Kwenye cPanel, ile paneli ya kuendeshea akaunti yako kwa kampuni, ingia phpMyAdmin, chombo cha kufungulia hifadhidata, chagua hifadhidata ya duka, bonyeza "Export", upakue faili la .sql kwenye kompyuta yako. Hilo ndilo lenye oda. Kisha kwa kutumia "File Manager" bana folda ya public_html, yenye mafaili yote ya tovuti, iwe faili moja, uipakue, halafu ulifute faili hilo pale kwenye seva. Usiliache, linakula nafasi yako ya diski, na diski ikijaa utazaa kosa la tatu wakati hujamaliza mawili.

Haya, faili la makosa. Kwenye cPanel kuna alama iliyoandikwa "Errors", inakuonyesha makosa ya karibuni. Zaidi ya hapo, tazama ndani ya public_html kama kuna faili linaloitwa error_log. Mara nyingi kuna jingine ndani ya wp-admin. Kama huoni kitu, fungua wp-config.php na juu kidogo ya mstari unaosema "stop editing" weka mistari hii mitatu:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Kama tayari kuna WP_DEBUG iliyoandikwa false, ibadilishe hiyo hiyo badala ya kuongeza nyingine. Mstari wa tatu usiusahau, ndio unaozuia makosa yasimwagike mbele ya wateja. Sasa nenda kajifanye mteja: chagua nguo, bonyeza kulipia, upate 500 yako. Rudi utazame faili la debug.log ndani ya wp-content. Ukishamaliza kazi, rudisha false na ufute debug.log, kwa kuwa kwenye seva nyingi mtu yeyote akiandika anwani yake anaweza kulisoma.

Saa zilizoandikwa humo zitakuchanganya. WordPress huandika kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Jambo lililotokea saa mbili usiku Morogoro, ambayo kwa saa ya kompyuta ni 20:00, mle ndani utalikuta limeandikwa 17:00. Nimeona mtu akitafuta usiku kucha makosa yaliyoandikwa 20:00, hayaoni, akaamini faili ni bovu.

Utakachokikuta kitafanana na hiki, nilichokitoa kwenye tovuti ya mteja wangu mmoja na kubadilisha majina tu:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function() in /home/duka/public_html/wp-content/plugins/malipo-simu/malipo.php:112

Usitishwe na Kiingereza chake. Usome kuanzia mwisho. 112 ni namba ya mstari. malipo.php ni faili. Rudi nyuma ya neno plugins utapata jina la folda, nalo ndilo jina la mgonjwa: plagini ya malipo. Kushoto kabisa, "Fatal error" maana yake PHP ilikata roho hapo hapo haikuendelea. Katikati ndiyo sababu: plagini imeita kitu kinachoitwa create_function, na PHP inasema kitu hicho hakipo.

Kwa nini hakipo na jana yake kilikuwepo? Hapa ndipo lile neno lako "sijagusa kitu" linapopata maana. Wewe hukugusa. Lakini PHP, ile lugha inayoiendesha WordPress, haikai kwako, inakaa kwa kampuni, na wao huibadilisha matoleo. PHP 8.0 ilitoka Novemba 2020, na ikaondoa vitu kadhaa vya zamani, create_function kikiwemo. Waandishi wa plagini walishaonywa tangu toleo la 7.2 mwaka 2017. Toleo la 7.4 nalo liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwa hiyo kampuni zina sababu nzuri ya kuwahamisha wateja. Kwa kawaida hutuma barua pepe kabla. Ndiyo, zile usizozisoma. Dhana yangu ni kwamba kwako kumetokea kitu cha namna hiyo, au plagini imejisasisha yenyewe usiku. Na kwa sababu kipande kile cha msimbo huitwa mteja anapolipa tu, kurasa nyingine zote zinabaki zinapendeza.

Kama mstari wako unafanana na wangu, una njia mbili. Ya haraka ni kurudisha toleo la PHP la zamani. Kwenye cPanel kunakuwa na "MultiPHP Manager" au "Select PHP Version", kutegemea kampuni. Malipo yanaweza kurudi ndani ya dakika. Ila huo ni mkopo, kwa sababu unaendesha duka la fedha za watu juu ya PHP isiyozibwa matundu tena. Jipe wiki mbili, usijipe mwaka. Ya kudumu ni kusasisha plagini, na kama mwenye kuitengeneza ameitelekeza, kutafuta nyingine. Plagini ya malipo ambayo haijasasishwa kwa miaka miwili mimi nisingeiacha dukani hata kama inafanya kazi.

Kama mstari unataja plagini nyingine isiyohusu malipo, nenda wp-content/plugins na ubadilishe jina la folda yake, kwa mfano uongeze neno "-zima" mwishoni. WordPress isipoiona inaizima. Jaribu kulipia tena. Na chungulia pia barua pepe ya msimamizi wa tovuti: tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, plagini ikianguka WordPress hujaribu kumtumia msimamizi kiungo cha kuingilia ili aizime. Tatizo ni kwamba kwenye maduka mengi anwani hiyo ni ya fundi aliyejenga tovuti miaka mitano iliyopita, naye alishahamia kazi nyingine. Ukiwa hapo hakikisha pia kikoa chako, yaani anwani ya tovuti, kimesajiliwa kwa jina lako. Hayo ni ya siku nyingine, lakini yaandike mahali kabla hujasahau.

Ukikuta maneno "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted", hiyo namba ndefu ni megabaiti 128. PHP iliishiwa kumbukumbu katikati ya kazi. Unaweza kuongeza kiwango kwenye paneli, lakini angalia kwanza faili lililotajwa, maana plagini yenye njaa isiyoisha ukiiongezea sahani itaongeza na tumbo. Na kama faili la makosa linalalamikia .htaccess, libadilishe jina, kisha ingia kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu ya WordPress ubonyeze kuhifadhi, itaandika jipya.

Huyo kijana wa 777 mnunulie soda, ila nywila usimpe. Tarakimu tatu za ruhusa ni za watu watatu: mwenye faili, kundi lake, na watu wengine wote. Kila tarakimu ni jumla: 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha. Kwa hiyo 777 ni kumpa kila mtu kila kitu, wakiwemo "watu wengine wote". Kibaya zaidi, kwenye seva nyingi za upangishaji wa pamoja kuna ulinzi unaokataa kuendesha faili la PHP ambalo mtu baki anaweza kuliandika, na jibu unalopata ni, naam, 500. Nimewahi kukuta tovuti iliyokuwa na kosa dogo la plagini, mwenyewe kaweka 777 kila mahali, sasa haifunguki hata ukurasa mmoja. Folda ziwe 755, mafaili 644. Kama zako ziko hivyo tayari, ziache.

Kuhusu kudukuliwa, 500 peke yake haithibitishi hilo. Dalili ninazoziogopa ni nyingine: mtumiaji mwenye cheo cha msimamizi usiyemfahamu, mafaili ya .php ndani ya folda ya uploads, ambayo kazi yake ni picha. Wateja wakibofya kiungo chako Google wanapelekwa kwenye kamari au dawa. Ukiona hata moja, acha kurekebisha kwa mkono wako na utafute mtu.

Tuje kwenye 508, ambayo naipenda zaidi kuieleza kwa sababu neno letu la upangishaji limeieleza nusu. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa 508 ni mzunguko usio na mwisho. Hiyo ndiyo maana yake kwenye orodha rasmi ya HTTP, lugha ambayo simu na seva huongea, lakini achana nayo. Kwenye upangishaji wa pamoja, 508 yenye maneno "Resource Limit Is Reached" hutoka kwa CloudLinux, mfumo unaotumiwa na kampuni nyingi kugawa seva moja kwa wapangaji wengi.

Unazijua nyumba za kupanga zenye luku moja. Mpangaji mmoja akiwasha jiko la umeme na pasi, uniti zinaisha na nyumba nzima inalala giza, aliyepika na asiyepika. Upangishaji wa pamoja ulikuwa hivyo: tovuti moja ikipata wageni wengi, majirani zake wote wanakwama. CloudLinux ikampa kila mpangaji luku yake. Una kiasi chako cha CPU (nguvu ya kuchakata), cha kumbukumbu, na idadi ya maombi yanayoweza kushughulikiwa kwa wakati mmoja. Ukikifikia, wewe unakwama, mara nyingi kwa 508, na jirani hajui kama kuna lolote. Ndiyo maana seva "ni nzima".

Hiyo idadi ya maombi, ambayo kwenye paneli imeandikwa EP (Entry Processes), mara nyingi ni 20. Watu wakiona 20 hushtuka: yaani tovuti yangu haibebi watu zaidi ya 20? La. Ni viti 20 vya saluni. Anayenyolewa dakika tano anapisha, anayesukwa saa nne hapishi. Kama ukurasa wako unatengenezwa kwa nusu sekunde, viti 20 vinahudumia kurasa 40 kila sekunde, ambazo duka lako halitazifikia hata siku ya sikukuu. Kama kila ukurasa unachukua sekunde tano, viti hivyo hivyo vinahudumia kurasa nne kwa sekunde. Sasa fikiria saa mbili usiku. Watu wamekula, wameshika simu, na wewe unatupia picha za vitenge vipya kwenye makundi ya WhatsApp. Sijakuuliza, lakini nadhani unafanya hivyo saa hizo, maana ndiyo saa nzuri ya kuuza. Watu 60 wanabofya ndani ya dakika moja. Viti vinajaa, CPU inabanwa, kila ukurasa unazidi kuchelewa, viti vinazidi kukaliwa. Mteja anaona kimya, anavuta ukurasa upya, na anachukua kiti cha pili huku cha kwanza bado hakijaachiwa. Baada ya nusu saa wengine wamekata tamaa, tovuti "inarudi yenyewe".

Usiniamini mimi, amini grafu. Kwenye cPanel fungua "Resource Usage", chagua saa 24 zilizopita, uone mstari gani umegonga dari saa mbili usiku: EP, CPU au kumbukumbu. CPU ikigonga dari kwanza na EP ikafuata, ni hicho nilichokieleza. Kumbukumbu ikigonga dari mara nyingi utapata 500 au 503 badala ya 508.

Dawa yake kubwa ni kupunguza muda wa kukaa kwenye kiti, na kwa hilo hakuna kinachoishinda plagini ya kache. Bila kache, kila mtu anayefungua kitenge kile kile, WordPress inakwenda hifadhidata upya na kuujenga ukurasa upya, kama mama ntilie anayewasha moto kwa kila sahani. Kache inapika sufuria moja na kupakua. Ila ukurasa wa kikapu, wa kulipia na wa akaunti ya mteja usiingizwe kwenye kache hata kwa bahati mbaya, la sivyo Asha ataona kikapu cha Neema. Plagini nzuri hulitambua hilo zenyewe kwa WooCommerce. Hakikisha kwa kufungua duka kwenye simu mbili tofauti.

Watakuambia upunguze picha. Zipunguze, picha ya megabaiti nne kutoka kwenye simu inamaliza bando la mteja. Lakini usitarajie 508 iondoke kwa hilo. Picha hutolewa bila PHP, haikai sana kwenye viti hivi.

Kuna walaji wengine wawili. Fungua "Raw Access" upakue orodha ya maombi, utafute xmlrpc.php na wp-login.php. Ukikuta mamia ya mistari kutoka anwani usizozijua, ni roboti zinazojaribu nywila, na kila jaribio linakalia kiti. Kama hutumii plagini ya Jetpack wala programu ya WordPress ya simu, unaweza kuifunga ya kwanza kwa kuongeza hii kwenye .htaccess:

<Files xmlrpc.php>
Require all denied
</Files>

Mlaji wa pili anaishi kwako. Dashibodi ya WordPress ikiachwa wazi, huwa inapiga hodi seva kila baada ya sekunde 15 hadi 60. Kama una msaidizi anayeacha kurasa sita za bidhaa wazi kwenye kompyuta ya dukani mpaka asubuhi, mwambie afunge.

Je, uhamie seva ya peke yako? Kwa sasa, hapana. Ukihamisha plagini iliyovunjika kwenda seva kubwa, inavunjika kwenye seva kubwa. Na seva ya peke yako isiyo na msimamizi ina maana wewe ndiye msimamizi: kusasisha mfumo, kuweka ukuta wa moto, kutunza barua pepe, bekapu. Nani atafanya hayo wakati uko cherehani? Weka kache, fuatilia grafu wiki mbili. Ikiwa bado EP inagonga dari siku za kawaida, panda kifurushi kimoja kwa kampuni hiyo hiyo au nyingine. Seva yako ikija, ije kwa sababu oda zinailipia, na kuna mtu unayemlipa aiangalie.

Mtafute fundi wa kukaa naye uso kwa uso ikiwa umeona dalili za udukuzi, ikiwa faili la makosa linasema jedwali la hifadhidata "is marked as crashed", yaani limeharibika, au ikiwa fedha zilizoingia na oda hazilingani na huelewi kwa nini. Mtengenezee akaunti yake ya muda kwenye WordPress, uifute akimaliza. Funguo za malipo ya simu asipewe kwa ujumbe wa WhatsApp.

Na kampuni uwaandikie tena, safari hii kwa namna ambayo "seva ni nzima" haitakuwa jibu:

"Tarehe fulani saa 17:04 UTC, yaani saa 2:04 usiku Tanzania, ukurasa huu ulitoa 508. Kwenye Resource Usage naona EP imefika 20 kati ya 20. Naomba mniambie ni maombi gani yalikuwa yakiendeshwa dakika hiyo. Pia naomba kujua kama toleo la PHP la akaunti yangu lilibadilishwa wiki ya Jumatatu ile, kutoka lipi kwenda lipi. Mstari wa kosa la 500 nimeuambatanisha. Tafadhali msirudishe bekapu yoyote bila kuniuliza."

Kabla hujautuma, pitia barua pepe zao za mwezi huo, huenda swali la pili walishalijibu. Na ukiupata ule mstari na bado haukusomeki, niletee hapa, ila ufiche jina la akaunti na namba za simu za wateja.